Mastiki ya Masudi

Vijana wangu wa Kasongo, na ninyi wa Kabambare mnaojifunza kazi kwenye magaraji ya kule, kaeni vizuri. Anayewaandikia ni Papa Rangi, yule mzee wa nyuma ya soko mwenye gari lisilo na mlango wa kushoto. Mnalijua. Mkipita mnaniambia, "Papa, gari yako iko inapumua muzuri!" na mimi nacheka mpaka wavuvi wa Nyangwe wanageuza mitumbwi kutazama kuna nini.

Mlango upo. Uko ndani ya nyumba, umeegemea ukuta karibu na kitanda changu, nimeufunika blanketi kama mgonjwa. Nimeunyoosha mwenyewe, nimeusugua, nimeupaka rangi mara tatu. Ukiona kasoro hata ya ukubwa wa yai la chawa, njoo uninyang'anye nyumba. Kilichobaki ni kuupachika tu. Lakini kupachika mlango wa gari si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anaubeba na kuusogeza kidogo, kidogo, unywele kwa unywele, na mwenzake anapenyeza pini kwenye bawaba. Nimejaribu peke yangu kwa kuutegemeza kwa kiti, kwa magoti, kwa gunia la mpunga. Gunia lilipasuka, kuku wote wa Kasongo walikuja kula, na mlango ukanilalia mguuni.

Msiniambie mtakuja kuushika. Wengi mmeshasema, Mungu awabariki. Mtu ninayemtaka aushike ni mmoja, anaishi Kabambare, na amekataa kuja mpaka nifanye jambo fulani. Jina lake mnalitaja kila siku bila kujua kwamba ni jina la mtu. Nitafika hapo. Kwanza niwafundishe kazi kidogo, maana mzee ambaye hafundishi kitu anabaki kuwasumbua watu na habari za mgongo wake.

Mimi nimesoma. Nasema mapema ili mjue. Nilisoma shule ya jioni, mchana napaka magari, jioni nakaa kwenye benchi la watoto na magoti yangu yakigusa masikio. Diplome yangu ilikaa ukutani miaka yote, ndani ya fremu, chini ya kioo. Nilikuwa fundi wa rangi pekee katika Maniema nzima aliyeweza kupima kapo ya gari, yaani kile kifuniko cha injini, akaandika eneo lake kwa hesabu kabla ya kufungua kopo. Rangi ilikuwa inaisha kabla ya kapo kuisha vilevile, lakini nilikuwa najua kwa nini.

Aliyetufundisha kazi ni Mzee Alimasi, Mungu amrehemu. Nasema "aliyetufundisha" kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na Masudi. Mzee alitugawa siku ya kwanza kwa kutazama mikono yetu. Masudi alikuwa na viganja kama majembe, akampa nyundo ya mbao na vyuma vya kunyooshea. Mimi nilikuwa na vidole vyembamba na mdomo mrefu, akanipa rangi. "Huyu anasema sana," alisema, "akae na kitu ambacho kinakauka."

Wakati ule hatukuwa na kompresa. Tulipuliza rangi kwa pompi ya kuulia mbu! Unavuta, unasukuma, rangi inatoka matone kama mvua ya kwanza. Gari letu la kwanza lilitoka na madoa, mwenye nalo akauliza kama tumempakia chui. Mzee Alimasi akamjibu bila kutikisika, "Hii ndiyo fasheni ya Bukavu." Yule mtu aliondoka anatabasamu, na baada ya wiki moja wakaja wengine wawili wanataka chui.

Sikilizeni basi. Kabla ya kupaka, mwagia ardhi maji, uwanja wote. Pikipiki moja ikipita, vumbi lake linaweza kukuharibia kazi ya juma zima. Usipake siku ambayo mvua ilinyesha asubuhi na jua limetoka, kwa sababu kumbikumbi watatoka ardhini, na kumbikumbi wanapenda rangi mbichi kuliko watoto wanavyopenda sukari. Niliwahi kupaka gari la jeep rangi nyeupe, nikaingia ndani kunywa maji, nilipotoka lilikuwa na mabawa. Masudi alilizunguka mara mbili akasema, "Ukiwasha moto itaruka, itatua Kindu."

Taa za mbele zikiwa na ukungu, zisugue kwa dawa ya meno na kitambaa chenye maji. Zitang'aa. Baada ya miezi michache ukungu utarudi, na utasugua tena. Usimwambie mteja kwamba ni kwa maisha yote, kama nilivyokuwa nasema mimi. Pare-shoki, yaani bampa ya plastiki, ikibonyea, usiipige. Imwagie maji ya moto, ya moto kweli, kisha uisukume kutoka ndani kwa kiganja. Itarudi yenyewe kwa sauti ya kizibo. Viti vikichanika, vishone kwa kitambaa kigumu, si kwa kikwembe, kile kitenge cha mke wako. Nilivishona viti vya gari la kwanza kwa kikwembe cha mke wangu, na siku alipolitambua ua lake chini ya makalio ya dereva, nilikula muhogo mbichi siku tatu. Sasa amelala kaburini mwaka wa nne, na ningekula muhogo mbichi mpaka Krismasi ili nisikie tena zile kelele.

Chini ya gari, pakaza mawese. Kutu haitaingia haraka, na matope ya njia ya Kabambare hayatashika sana. Lakini usilaze gari lililopakwa mawese karibu na mbwa. Basi.

Jambo kubwa kuliko yote ni mkono. Jicho linadanganywa na mng'ao, ila mkono unajua. Mzee Alimasi alitufundisha kufumba macho, kuweka kitambaa chepesi chini ya kiganja, na kukipitisha juu ya bati polepole. Mlima mdogo, bonde dogo, utavisikia. Na alituwekea sheria moja: aliyefanya kazi hajipimi mwenyewe. Masudi akinyoosha na kuweka mastiki, ule udongo wa kopo tunaozibia mabonde ya bati, mimi napima kwa mkono wangu. Mimi nikisugua na kupaka, yeye anapima kwa mkono wake. Hakuna gari lililotoka bila mikono yote miwili kupita. Tulifanya hivyo miaka mingi mno, hata tulianza kula hivyo: mimi nikipika, yeye anaonja kwanza.

Sasa nifike pale.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa Salamabila, nimwite Bwana Sefu. Alikuwa amenunua pikap kuukuu, ngumu ndani, mbaya usoni. Binti yake alikuwa anaolewa hapa Kasongo, naye alitaka binti apandishwe kwenye kitu kinachong'aa. Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea kama sahani ya bati iliyokanyagwa na kiboko. Masudi aliunyoosha siku mbili, akaweka mastiki nyembamba, safi, kazi ambayo ungelia. Nilipitisha mkono nikiwa nimefumba macho. Nilisikia ziwa lisilo na upepo.

Asubuhi ya arusi ilinikuta sijapaka. Kwa nini? Kwa sababu siku zote zile nilikuwa nasoma, na asubuhi hiyohiyo, saa nne, nilikuwa na mtihani wangu wa mwisho wa kupata diplome.

Ninyi mnaojua kazi mshaanza kutikisa kichwa. Nilisugua ile mastiki kwa msasa wa maji. Mastiki inakunywa maji kama mlevi wa sikukuu. Ukiilowesha, lazima uiache ikauke kabisa, jua kamili, kabla rangi haijaifunika. Mimi nilitazama jua, nikatazama saa ya kanisa, nikapangusa kwa kitambaa, nikapuliza rangi. Masudi alikuwa amekwenda kusaidia kubeba viti vya sherehe. Alipokuja kupima kwa mkono wake, nilimwambia, "Usiguse, iko mbichi." Hiyo ilikuwa kweli. Halafu nikakimbilia mtihani, na nikafaulu. Nilijibu swali la eneo la duara vizuri sana.

Alasiri, pikap imepambwa maua, imesimama mbele ya watu, jua limeichoma tangu saa sita. Chini ya rangi, maji yanatafuta njia ya kutoka. Shangazi wa bibi arusi, mama mkubwa, mwenye afya, alipanda, akavuta mlango kwa nguvu zote za ukoo wao. Pwaa! Kipande cha mastiki cha ukubwa wa sinia kikaanguka chini, na rangi yake nzuri juu yake.

"Yoo!" shangazi akapiga kelele. "Gari inavua nguo mbele ya wakwe!"

Watu walicheka. Ninyi mnajua kicheko cha Kasongo, hakina breki. Bwana Sefu hakucheka. Alisimama mbele yetu, mimi na shati langu la mtihani, Masudi na kitambaa mkononi.

"Nani aliweka mastiki?" aliuliza.

Kila mtu mjini alijua: mastiki ni Masudi, rangi ni Papa Rangi. Masudi aliinama, akaokota kile kipande, akakigeuza. Nyuma kilikuwa kimelowa. Akakibonyeza kwa kidole gumba na maji yakatoka, nikayaona, akaona kwamba nimeyaona. Akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingojea, kama anavyongoja siku zote ameshika mlango na mimi natafuta pini.

Nikamjibu Bwana Sefu, "Miye niko wa rangi tu."

Ni maneno yote niliyosema. Nimeandika maneno mengi maishani, na shule ya jioni walinipa alama nzuri za insha, lakini hayo ndiyo yaliyosafiri mbali zaidi. Kabla arusi haijaisha watoto walikuwa wanaimba "Mastiki ya Masudi! Mastiki ya Masudi!" Kesho yake golikipa aliachia mpira, uwanja mzima ukapiga kelele, "Mastiki ya Masudi!" Ukuta wa mtu ukianguka kwa mvua, mastiki ya Masudi. Msichana akiachwa na mchumba aliyekuwa anajisifu, mastiki ya Masudi. Ninyi wenyewe, juzi, mbele ya nyumba yangu, tairi la pikipiki lilitoka na mkasema hivyohivyo. Hamkujua. Mlidhani ni maneno tu, yamezaliwa pamoja na mji.

Masudi alikaa Kasongo miezi michache. Hakuna aliyemletea bati tena. Mimi waliniletea, kwa sababu rangi yangu, walisema, ilikuwa nzuri hata ilipoanguka chini. Siku moja alifunga nyundo zake ndani ya gunia, akapita nyumbani kwangu, akasema, "Naenda Kabambare, kwa ndugu za mama." Nikamwambia safari njema. Nilimwambia hivyo, vijana. Safari njema.

Tangu siku ile nilifanya kazi na watu wengine, wazuri, wenye nguvu. Hakuna aliyeweza kupima nyuma yangu. Wakiweka mkono wananitazama usoni kwanza ili wajue waseme nini. Nilipoacha kazi, watoto wangu wako mbali, mke wangu amekwenda, nikanunua hili gari kuukuu ili niwe na kitu cha kutengeneza. Ninalisugua, ninaliambia habari. Lina masikio mazuri, kwa sababu upande wa kushoto liko wazi. Nikipika wali, bado mkono unatia vikombe viwili, halafu nakula cha pili kesho yake, kimekauka. Mlango ulipokwisha, nilifumba macho nikapitisha kitambaa juu yake, nikasikia ziwa. Nikakumbuka sheria: aliyefanya kazi hajipimi mwenyewe.

Basi nikapanda pikipiki mpaka Kabambare. Safari hiyo ilinitoa meno mawili, au labda yalikuwa yametoka zamani. Nilimkuta Masudi chini ya kibanda cha mabati, anagonga matako ya sufuria za watu.

"Hodi, ndugu yangu."

Aliinua kichwa. "Karibu. Weye umezeeka mubaya."

"Na wewe?"

"Miye nimezeeka muzuri. Uliza wamama wa hapa."

Tulicheka, na kwa muda huo mfupi hapakuwa na pikap wala arusi. Alinipa wali na samaki, akaonja samaki kwanza kabla ya kunisogezea sahani. Sijui kama alijijua. Nilikaa siku mbili nikizungumza habari za njia, za mvua, za mgongo wangu. Siku ya tatu asubuhi nikasema, "Niko na mlango."

"Mulango gani?"

"Wa kushoto. Umekwisha. Nakosa mtu wa kuushika."

"Kasongo hakuna vijana?"

"Wako. Wanashika kwa nguvu."

Aliendelea kugonga sufuria. "Umepanda pikipiki njia yote ile sababu ya mulango? Sema kile kimekuleta."

Nikasema. Maji yalikuwa yangu. Nilikimbilia mtihani. Nilikuzuia usiguse. Nilikuuza kwa maneno matano ili wateja wangu wasicheke.

"Najua," alisema. "Nilijua pale pale."

"Nisamehe, Masudi."

"Miye nilikusamehe zamani. Kama singekusamehe, ungekula wali wangu?" Akaweka nyundo chini. "Lakini hukusema kwangu. Ulisema mbele ya watu. Niko na mujukuu, binti, anasoma kule Kasongo. Anakaa kwa shangazi yake. Unajua shuleni anasema babu yake anaitwa nani? Ametafuta jina lingine. Alinieleza yeye mwenyewe, akilia, akaniomba musamaha. Nilimwambia hakuna neno."

Nikaokota nyundo yake, nikamrudishia mkononi.

"Rudi Kasongo," Masudi akasema. "Siku mutu wa pikipiki atatoka kule, asimame hapa kwangu, aniambie mwenyewe, bila miye kumuuliza, kwamba kosa la mastiki halikuwa la Masudi, siku ile nitapanda nyuma yake. Nitakuja kushika mulango wako. Na nitaupima, usifikiri sitaupima."

Ndiyo sababu nimeandika haya kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya jioni. Nimeiondoa diplome kwenye fremu na kuliweka mahali pake lile karatasi la daftari hili lenye habari ya arusi, mbele ya nyumba, ili anayepita asome. Nakala nimempa mwalimu wa yule mjukuu awasomee wanafunzi, na nyingine iko pale pikipiki zinapopaki. Mkimaliza kuisoma, ninyi mnaobeba watu na magunia mpaka Kabambare na Salamabila, kibanda chake mtakikuta baada ya soko, kina sufuria zimetundikwa. Simameni kidogo. Mwambieni. Msingoje awaulize, hatawauliza.

Na Jumapili golikipa akiachia mpira, msinyamaze, hiyo haiwezekani, nawajua. Pigeni kelele "Rangi ya Papa Rangi!" Nitakuwa kwenye majani pembeni ya uwanja, na nitaitikia kwa sauti kuliko wote.

Pini mbili nimezitia mafuta, ziko mfukoni mwa shati langu. Sasa hivi, nikisikia pikipiki inatoka upande wa Kabambare na inapunguza mwendo karibu na nyumba, ninaondoa lile blanketi kwenye mlango. Ikipita, ninaufunika tena.